Kalamu inayoelea ya 1968 haijapata mpinzani: leteni muvi ya sai-fai iliyoonyesha kukosa uzito vizuri zaidi

#1 FundiProjekta
Wakuu, heshima kwenu.

Nadai hivi: hakuna muvi ya sai-fai iliyoonyesha hali ya kukosa uzito vizuri kuliko 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick. Ilitoka Aprili 1968, miezi 15 kabla ya binadamu kukanyaga Mwezi.

Angalieni kipande cha kalamu. Abiria kasinzia kwenye kiti, mkono unaelea, na kalamu yake inajizungusha taratibu hewani. Hakuna uzi pale. Walichukua kioo, wakaibandika kalamu kwa dabo tepu, wakakizungusha kioo mbele ya kamera. Mhudumu anafika, anaibandua, anamrudishia mwenyewe mfukoni. Kazi ngumu ilikuwa taa: pembe ikikosewa kidogo tu, kioo kinang'aa na kila mtu anakiona.

Halafu lile gurudumu, seti inayozunguka ya ndani ya chombo wanamoishi wanaanga Bowman na Poole. Kampuni ya uhandisi ya Vickers-Armstrongs ililijenga kule studio za MGM, Borehamwood, Uingereza. Kipenyo mita 11.6, uzito tani 30, gharama dola 750,000 za wakati ule. Kuna pale Bowman anashuka ngazi upande mmoja, Poole anakula upande wa juu kabisa, kichwa chini miguu juu, kisha Bowman anatembea kumfuata mpaka wanakutana. Kilichofanyika: Poole amefungwa mikanda kwenye kiti, chakula kimegandishwa kwenye sahani, gurudumu linazunguka na kumshusha, na Bowman anapiga hatua palepale chini. Kamera imekaa inavyotaka, ubongo wako unamaliza mengine.

Leteni yenu. Lakini mje na sababu, siyo "ilinikosha tu".

#2 Nyota_Saba
Gravity, 2013. Nafunga mjadala.

Kukosa uzito siyo kuelea tu, ni kukosa chini na juu. Kile kipande cha kwanza kinakwenda takriban dakika 13 bila kukatwa na macho hayapati pa kushika. Mbinu yake ni kinyume cha Kubrick. Yeye aliizungusha seti. Hawa walimweka Sandra Bullock ndani ya sanduku lililozungukwa na taa za LED ukutani, wakazungusha picha ya Dunia na mwanga wa Jua kumzunguka yeye, na kamera ikashikwa na mkono wa roboti wa aina ile inayotumika viwanda vya magari. Mwigizaji mwenyewe hajizungushi sana. Ukimgeuza mtu kichwa chini, damu inajaa usoni na mishipa ya shingo inatokeza, uongo unaonekana. Ndani ya chombo walimtundika kwa waya 12 zinazoendeshwa na mota, kama kikaragosi.

#3 Ras_Kimara
Naweka kambi hapa. Uzi mtamu.

#4 Dokta_Obiti
#2, kwa picha nakubali. Kwa hesabu, Gravity ina shida kubwa kuliko muvi zote zitakazotajwa humu.

Wanaanga wanatoka darubini ya Hubble kwenda kituo cha anga cha ISS kwa kile kiti cha kurukia cha mgongoni. Hubble ilikuwa kimo cha takriban kilomita 550, ISS takriban 420. Watu wengi wanaishia hapo: "tofauti ni kilomita 130 tu." Kimo siyo tatizo. Tatizo ni mwinamo wa obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia. Hubble imeinama nyuzi 28.5 kutoka Ikweta, ISS nyuzi 51.6. Kugeuza njia kwa nyuzi 23 wakati unakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde kunadai mabadiliko ya mwendo ya takriban kilomita 3 kwa sekunde. Kiti cha mgongoni cha NASA, MMU, kilikuwa na gesi ya kukupa takriban mita 25 kwa sekunde. Umepungukiwa mara 120.

#5 Nyota_Saba
Dokta, hapo sina ubishi. Ila swali la uzi ni kukosa uzito, siyo ramani.

#6 Dokta_Obiti
Haya, turudi kwenye kukosa uzito wenyewe. Mwanaanga Kowalski ananing'inia mwisho wa kamba, kamba imemshika Stone (ndiye Sandra Bullock), Stone ameshikwa mguu na kamba za parachuti. Wote wamesimama. Kowalski anajifungua ili Stone apone, na mara anavutwa kwenda mbali. Kinamvuta nini? Wote wanaanguka kuizunguka Dunia kwa mwendo mmoja. Stone angempa mvuto mdogo wa kidole tu angerudi.

#7 ChumaChaTanga
Hawajasimama, #6. Zile kamba za parachuti bado zinanyooka. Angalia mguu wa Stone, kamba zinateleza moja moja. Bado wana mwendo wa kuondoka, na msuguano wa zile kamba hautoshi kuwasimamisha watu wawili, ila mmoja utamsimamisha. Uzito ukipungua nusu, nguvu ileile inatosha. Hiyo ndiyo maana ya kujifungua.

#8 Mwanakwerekwe
Kuna maelezo ya tatu. Kituo kimegongwa na vipande vya satelaiti zilizovunjika, huenda kinazunguka polepole. Chukua mtu aliye mita 50 kutoka katikati ya mzunguko na kituo kinachojizungusha mara moja kwa dakika: anapata mvuto wa takriban asilimia 5.6 ya uzito wake wa duniani, kuelekea nje. Kidogo, lakini hakikomi, na vidole vinachoka.

#9 Dokta_Obiti
#8, kama kinazunguka basi nyota za nyuma nazo zizunguke mara moja kwa dakika. Hicho ndicho kipimo, kila mtu airudie na aangalie nyuma ya kofia ya Kowalski. #7 maelezo yako nayapenda zaidi, ila muvi inatuonyesha kamba imekaza kabisa kabla hajajifungua.

Na nyongeza: vile vipande vinarudi kila dakika 90. Kama viko obiti ya kimo kilekile lakini njia tofauti, hizo njia mbili zinakatana sehemu mbili, pande mbili za Dunia. Wangekutana navyo kila dakika 45.

#10 FundiProjekta
Naona watu wanaishambulia Gravity na mimi natulia. Asanteni.

#11 Dokta_Obiti
Usitulie mkuu, zamu yako imefika.

Gurudumu lako lina nusu kipenyo cha mita 5.8. Ili litoe mvutano kamili wa Dunia lazima lizunguke mara 12 kwa dakika, mzunguko mmoja kila sekunde 5. Mtu akigeuza shingo kwa mwendo huo, maji ya sikio la ndani yanavurugika na anatapika. Na kichwa kikiwa mita 1.7 juu ya miguu, kinapata mvutano pungufu kwa asilimia 29 kuliko nyayo.

Ukilipunguza liwe sawa na mvutano wa Mwezi, sekunde 12 kwa mzunguko, kichefuchefu kinapungua. Lakini sasa ukingo wake unakwenda mita 3 kwa sekunde, na huo ndio mwendo wa mtu anayekimbia mazoezi. Poole akikimbia kinyume na mzunguko, anaufuta kabisa na anaanza kuelea. Akikimbia kufuata mzunguko, uzito wake unapanda mara 4. Kwenye muvi anakimbia na kurusha ngumi kama yuko uwanja wa mazoezi.

#12 FundiProjekta
Akikimbia kufuata mzunguko, mara 4 ya mvutano wa Mwezi ni theluthi mbili ya Dunia. Hapo mazoezi yana maana. Umenipa sababu ya muvi kuwa sahihi, siyo kosa.

Na jambo hili lilitokea kweli. Ndani ya Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973, wanaanga walikimbia kuzunguka ukuta wa ndani juu ya duara la makabati, na mwendo wao wenyewe ndio uliowagandisha ukutani. Kipenyo cha ndani kilikuwa mita 6.6, kwa hiyo ukikimbia mita 3 kwa sekunde unapata robo ya uzito wako. Video zipo.

#13 Dokta_Obiti
Skylab nakupa. Kichwa na nyayo bado unanidai.

#14 Kipepeo_wa_Lamu
Jamani, Apollo 13 ya 1995 mbona hamuitaji? Waigizaji walipandishwa ndege ya NASA ya KC-135, inapanda na kushuka kama wimbi, kila wimbi linakupa sekunde zisizozidi 25 za kuelea kweli. Walipiga mawimbi zaidi ya 600. Hakuna kioo wala waya, nywele zinaelea zenyewe.

#15 ChumaChaTanga
Hiyo ni historia, siyo sai-fai. Lakini mbinu yenyewe ni ya maana na shida yake isemwe pia: ndani ya sekunde 25 unatakiwa uanze kipande, useme maneno yako na umalize, halafu ndege inainuka na unabanwa sakafuni kwa karibu mara mbili ya uzito wako. Ndiyo maana mazungumzo marefu ya muvi ile walirudi kuyapiga chini, mwigizaji kakaa juu ya kitu mfano wa mbao ya kubembea na kamera inamchukua kuanzia kiunoni.

#16 Mzee_wa_Reli
Vijana, Interstellar ya 2014 mnaiachia nani?

Mle kuna jambo moja linalonifurahisha. Kwenye ile sayari ya maji iliyo karibu na shimo jeusi, saa moja ni miaka 7 ya Dunia. Muziki una mlio wa saa, tiki, tiki, kila sekunde 1.25, na wapenzi wa muvi wanasema kila tiki ni siku nzima inayopita duniani.

#17 Dokta_Obiti
Nimepiga, Mzee wangu. Miaka 7 ni saa 61,362. Sekunde 1.25 mara 61,362 ni sekunde 76,700, yaani saa 21 na dakika 18. Siku kamili ingetaka tiki kila sekunde 1.41. Imekaribia, haijafika.

#18 Mzee_wa_Reli
Kwa mtunzi wa muziki saa 21 ni siku, mwanangu. Shikamoo yangu iko wapi?

#19 Dokta_Obiti
Shikamoo Mzee. Samahani, hesabu ilitangulia.

#20 Nyota_Saba
Marahaba aje mwenyewe, mimi niendelee. Interstellar na ukweli wa shimo jeusi: Kip Thorne, mwanafizikia, ndiye aliyewapa Double Negative, kampuni ya picha za kompyuta, milinganyo ya jinsi mwanga unavyopinda, na baadhi ya picha moja moja zilichukua mpaka saa 100 za kompyuta kukamilika. Lakini ile miaka 7 kwa saa inadai shimo lizunguke karibu na kikomo kabisa, pungufu ya sehemu moja tu kati ya trilioni 100. Na picha tunayoiona kwenye skrini haikuchorwa kwa kasi hiyo. Walishusha mzunguko mpaka 0.6 ya kikomo, kwa sababu kwa kasi ya kweli kivuli kinabonyea upande mmoja. Wakaondoa na athari ya Doppler, inayofanya upande unaokuja kwako ung'ae na upande unaokimbia ufifie. Waliogopa mtazamaji ataona ni kosa la taa.

#21 Mwanakwerekwe
Tarehe 10 Aprili 2019 ikatoka picha ya kwanza ya shimo jeusi la kweli, lile la galaksi ya M87, na upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Kile walichokifuta ndicho kilichokuja.

#22 FundiProjekta
Hilo lilitakiwa liwe kwenye uzi wake peke yake.

Kuhusu kukosa uzito, Interstellar inakwepa: chombo kinazunguka karibu muda wote. Ila kile kipande cha kujiunganisha na chombo kilichoharibika kinachozunguka mara 68 kwa dakika, nani ana hesabu?

#23 Dokta_Obiti
Mara 68 kwa dakika maana yake kila mita moja kutoka katikati inakuongezea mara 5 ya uzito wako. Tukichukua ukingo uko mita 30, pale nje ni mara 155, na chuma chochote kilicholegea kinakatika. Rubani wa ndege za kivita mwenye suti maalumu anastahimili mara 9 kwa muda mfupi, kwa hiyo kiti cha rubani lazima kiwe ndani ya mita 1.7 kutoka mhimili. Chombo chao kinaingilia katikati kabisa, kwa hiyo inawezekana. Akikosea na kwenda pembeni mita 2, amezimia. Hii ni mojawapo ya sehemu bora za muvi hiyo na watu wanaidhania ndiyo uongo mkubwa.

#24 Binti_Shangani
Mnaongea uzito, mimi naongea ukimya. Muvi ikitafsiriwa na wale watafsiri wa CD za mtaani, sehemu ya anga ya juu isiyo na sauti ndiyo wanayoijaza kwa maneno mpaka pumzi inakata. 2001 inaenda dakika nzima unasikia pumzi za mtu ndani ya kofia tu, na halafu hata hizo zinakatika. Ukiitazama kwa tafsiri hujaitazama.

#25 ChumaChaTanga
Kwenye ombwe ni kweli hakuna sauti, lakini Star Wars ya 1977 ilishaamua haijali. Fundi wake wa sauti, Ben Burtt, alichanganya mlio wa tembo na gari linalopita kwenye lami yenye maji, akapata mlio wa zile ndege za TIE. Risasi za leza ni nyundo iliyogongwa kwenye waya wa chuma unaoshikilia mnara. Ule wa panga la mwanga ni mngurumo wa mota ya projekta na muingiliano wa televisheni. FundiProjekta, hapo kuna projekta yako.

#26 Otieno_Skrini
Mkitaja Star Wars msipite bila Nien Nunb. Return of the Jedi, 1983, rubani msaidizi wa Lando ndani ya chombo cha Millennium Falcon. Anaongea Kiswahili!

#27 Mukami_K
Si Kiswahili, ni Gĩkũyũ. Msikilize polepole, maneno yanatoka vizuri kabisa.

#28 Otieno_Skrini
Nimesoma mahali kwamba ni Kikalenjin.

#29 Mukami_K
Sauti ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya kule Marekani. Yeye ni Mkalenjin, ndiyo maana watu wanaandika Kikalenjin, na wengine wanasema alichanganya zote mbili. Maneno ninayoyashika mimi ni ya Gĩkũyũ. Mwenye Kikalenjin aje aseme anashika yapi. Rotich alirudishwa kumsemea Nien Nunb tena kwenye The Force Awakens, 2015.

#30 Mwanakwerekwe
Anayetafuta Kiswahili aende Star Trek. Jina la Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, ni "uhuru" iliyobadilishwa mwisho. Mwaka 1966, kwenye The Man Trap, yule kiumbe anayejigeuza anamwendea Uhura kwa umbo la mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Mwaka 1967, kwenye The Changeling, kumbukumbu zake zimefutwa na anafundishwa kusoma upya. Akikwama, Kiswahili kinamtoka. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikuwa kwenye vitabu miaka mingi, likatamkwa kwenye muvi ya 2009.

#31 Ras_Kimara
Ile ni tamthilia lakini, siyo muvi.

#32 Mwanakwerekwe
Muvi ya 2009 nimeitaja. Soma mwisho.

#33 Binti_Shangani
Basi tuiweke mezani Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, dakika 21 hivi. Kwangu ni namba moja, na sisemi kwa uzalendo.

Ulimwengu wa chini ya paa baada ya Vita vya Maji. Asha anatunza jumba la makumbusho la viumbe vilivyokwisha. Analetewa boksi la udongo, anaupima: maji yamo, mionzi hakuna. Anaotesha mbegu. Hapo Kahiu anaweka lebo yenye neno la Gĩkũyũ, Maitu, mama, na anakupasulia neno lenyewe: ukweli wetu. Angalia kwa karibu anavyofuta jasho na kulikamulia kwenye chupa yake. Tone moja linachukua muda mrefu kuliko mazungumzo ya muvi nzima, maana watu hawasemeshani kwa mdomo, wanaandika na mashine inasema.

#34 Dokta_Obiti
Maji yake ni sahihi sana. ISS inarudisha mkojo, jasho na mvuke wa pumzi kuwa maji ya kunywa, na mwaka 2023 NASA ilitangaza mfumo umefikia asilimia 98. Ukipoteza asilimia 2 kila mzunguko, baada ya mizunguko 34 umebaki na nusu. Kwa hiyo jumuiya iliyofungwa kama ile lazima ipate maji kutoka nje au inakufa taratibu. Muvi haisemi, lakini inaonyesha.

Kisichonikaa sawa ni umeme wa watu kukimbia kwenye mashine. Mtu anatoa takriban wati 100 kwa saa kadhaa. Msuli unageuza robo tu ya chakula kuwa kazi. Unakula uniti nne kutoa moja. Bora hicho chakula ukichome.

#35 Binti_Shangani
Dokta, wale hawakimbizwi kwa ajili ya umeme. Wanakimbizwa wachoke. Hata ndoto wanapewa dawa ya kuzizuia. Asha anapokaidi anapelekwa wapi? Kwenye mashine hizohizo.

#36 Mukami_K
Mimi nasoma tofauti: ni sehemu ya sheria ya jumuiya isiyopoteza kitu, hata kama hesabu haitoki. Watu wanafanya mambo kwa imani pia.

#37 Mtanganyika_Bujumbura
Karibuni na Neptune Frost, 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Imepigwa Rwanda, hadithi iko milima ya Burundi, na mle mna Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Wachimbaji wa madini ya koltani wanakuwa wavamizi wa mtandao. Mavazi ya Cedric Mizero ni taka za kompyuta zenyewe: waya, vitufe vya kibodi, bodi za saketi.

Kwa wanaotaka ufundi: kwenye koltani mna tantalamu. Inasagwa unga, inabanwa na kuokwa mpaka inakuwa kama sponji, halafu kila ukuta wa sponji unafunikwa utando mwembamba sana wa oksaidi. Eneo kubwa ndani ya kitu kidogo kama punje ya mchele, hiyo ni kapasita, na simu imejaa hizo. Muvi inaanza na mchimbaji kuuawa kwa kusita kazini huku kashika jiwe.

#38 Kipepeo_wa_Lamu
Ile ni muvi ya nyimbo, ndugu. Sai-fai iko wapi?

#39 Mtanganyika_Bujumbura
Sai-fai ni kuuliza "ikiwa hivi, itakuwaje?" Wameuliza ikiwa anayechimba ndiye mwenye mtandao. Kuimba hakufuti swali.

#40 Mzee_wa_Reli
Mkiongelea sai-fai na Afrika kumbukeni yule mdudu wa Alien, 1979. Aliyevaa ngozi ile ni Bolaji Badejo, Mnigeria, mtu wa mita 2.08 na miguu mirefu miembamba. Mwongozaji Ridley Scott hakutaka uone mtu ndani ya vazi. Mwili mwembamba namna ile, macho yanakataa kwamba ni binadamu. Ute unaodondoka mdomoni ni jeli ya kulainishia ya hospitali. Na kwenye ile maiti kubwa ya rubani, walivalisha watoto suti ndogo za anga ili seti ionekane kubwa zaidi.

#41 Ras_Kimara
Nilikuwa naogopa kimyakimya, sasa naogopa kwa sababu. Ahsante Mzee. Na Blade Runner yake Scott, Deckard, yule mwindaji wa roboti, ni mtu au ni roboti?

#42 ChumaChaTanga
Hilo lina hesabu yake. Toleo la 1982: mkuu wa polisi anasema roboti waliotoroka ni sita, mmoja kaungua na umeme. Wamebaki watano. Tunaoneshwa Roy, Pris, Zhora na Leon. Wanne. Wa tano nani? Miaka 25 watu wakasema ni Deckard.

#43 Nyota_Saba
Siyo. Wa tano alikuwepo kwenye mswada, mhusika anayeitwa Mary, akakatwa na sentensi ikasahaulika. Final Cut ya 2007 ilirekebisha: walioungua ni wawili.

#44 ChumaChaTanga
Kurekebisha sentensi hakujibu swali. Toleo la 1992 liliweka ndoto ya farasi mwenye pembe, na mwishoni Gaff, polisi mwenzake Deckard, anaacha farasi huyohuyo wa karatasi mlangoni. Gaff kajuaje ndoto ya mtu? Scott mwenyewe anasema ni roboti.

#45 Binti_Shangani
Na Harrison Ford aliigiza akiamini ni mtu. Kama Deckard ni mashine, Roy kumwokoa pale juu ya paa kunapungua thamani: mashine imeokoa mashine. Mimi niko na Ford.

#46 Kipepeo_wa_Lamu
Kalamu tumeiacha mbali.

#47 Mwanakwerekwe
Tuirudie basi, maana kuna kosa safari ileile na hakuna aliyelisema. Mkuu Fundi, abiria wako anakunywa chakula cha maji kwa mrija. Akiuachia mdomoni, kile chakula kinateremka kurudi chini. Kwenye kukosa uzito kinateremkia wapi?

#48 FundiProjekta
Nilijua litakuja. Ile treya ni ngumu na imefungwa. Ukifyonza unapunguza hewa ndani yake, shinikizo la ndani linashuka chini ya lile la chumba. Ukiachia mrija, hewa ya chumba inakisukuma chakula kurudi ndani. Hakijashuka, kimesukumwa. Jaribu na chupa ngumu ambayo mrija umepita kwenye kizibo kilichobana.

#49 Dokta_Obiti
Inakubalika, kwa sharti treya isiwe na tundu la hewa. Ikiwa haina, baada ya mafunda matatu manne mvuto wa ndani utashinda mdomo wake na hatapata tone. Ndiyo maana vinywaji vya wanaanga vinawekwa kwenye mfuko laini unaojikunja, na mrija una kibano cha kufunga. Na mfuko laini hauvuti kitu kurudi.

#50 FundiProjekta
Anafyonza mara ngapi kwenye kile kipande?

#51 Mwanakwerekwe
Naenda kuhesabu.